Waigizaji wa sauti na mkataba wa malipo ya mara moja

Sauti hurekodiwa kwa saa chache, lakini huweza kusikika kwa miaka mingi. Hicho ndicho kiini cha mzozo wa muda mrefu baina ya waigizaji wa sauti wa kujitegemea na wanaowapa kazi: je, mwigizaji alipwe mara moja tu, au alipwe kila sauti yake inapotumiwa?

Maana ya mkataba huu

Chini ya mkataba wa malipo ya mara moja, mwigizaji hupokea kiasi kimoja kilichokubaliwa, na hana haki ya kudai kingine baadaye. Si kila mkataba wa namna hiyo ni wa dhuluma. Sauti ya kupokea simu za ofisi moja ina matumizi madogo, yanayojulikana tangu mwanzo. Tatizo huanza pale mnunuzi anapopata haki ya kuitumia sauti popote, kwa njia yoyote na bila kikomo, kwa bei ya kazi ya siku moja.

Sauti ya Siri

Julai 2005, mwigizaji wa Marekani Susan Bennett alirekodi sentensi nyingi zisizo na maana, saa nne kwa siku, nyumbani kwake karibu na jiji la Atlanta. Alilipwa kwa saa alizofanya kazi. Mwaka 2011 rafiki yake alimfahamisha kwamba sauti yake inasikika katika simu mpya za Apple, kwa jina la Siri. Bennett alijitokeza hadharani mwaka 2013 na kusema kuwa hakulipwa chochote na kampuni hiyo, ambayo nayo haikuthibitisha kwamba sauti ni yake.

Mgomo wa mwaka 2000

Nchini Marekani, vyama vya waigizaji vya SAG na AFTRA viligoma kuanzia Mei hadi Oktoba 2000. Wakati huo, tangazo la biashara lililorushwa na mitandao mikubwa ya televisheni lilimletea mwigizaji malipo kila liliporushwa. Katika televisheni za kebo, alilipwa kwa mkupuo. Watangazaji wa biashara walitaka malipo ya mkupuo yatumike kote, na waigizaji walitaka kinyume chake. Hatimaye malipo ya kila mara yalibaki katika mitandao mikubwa, na kiwango cha mkupuo wa kebo kikapandishwa.

Michezo ya video

Michael Hollick, aliyeigiza mhusika mkuu wa mchezo wa Grand Theft Auto IV, alilipwa takriban dola 100,000 kwa kazi ya miezi 15. Mchezo huo ulitoka Aprili 2008 na kuingiza zaidi ya dola milioni 500 katika wiki ya kwanza. Hollick hakuwa na fungu katika mauzo hayo.

Waigizaji wa michezo hiyo waligoma kuanzia Oktoba 2016 hadi Septemba 2017. Hawakupata mrabaha wa mauzo, bali nyongeza inayokokotolewa kwa idadi ya vipindi vya kurekodi. Waligoma tena Julai 2024, safari hii wakihofia akili mnemba. Mkataba ulioidhinishwa Julai 2025 unamtaka mwajiri kupata ridhaa ya mwigizaji kabla ya kutengeneza nakala ya sauti yake.

Kabla ya kutia saini

Kiswahili nacho kina soko lake. Tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili ilionyeshwa na televisheni ya taifa ya Tanzania mwaka 2011, na nyingine zikafuata. Mwigizaji anayepokea kazi kwa barua pepe, awe Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au London, mara nyingi hujadiliana bei peke yake. Ni vyema mkataba wake ueleze mambo manne:

- Matumizi: redio, televisheni, intaneti au simu?
- Muda: miezi mingapi?
- Mahali: nchi zipi?
- Nakala: je, sauti yaweza kutumiwa kuifundisha kompyuta kuzungumza?

Malipo ya mara moja yakiambatana na mipaka hiyo, mnunuzi anayehitaji matumizi zaidi hulazimika kurudi kwa mwigizaji na kulipa tena.