Kiwanda cha Ndege na Mto Duwamish

Ndege ikipita juu, sisi sote tunainua macho. Watoto wanapiga kelele, wakubwa wanauliza inakwenda wapi. Lakini ni wachache wanaouliza: ndege hii ilitengenezwa wapi, na nchi ile ilipata nini kwa kazi hiyo? Leo tutaeleza habari za mahali pamoja tu, ukingo wa mto Duwamish, katika mji wa Seattle, huko Marekani. Ni mbali sana na kwetu. Hata hivyo, vyuma vya mashini za ndege, vile vinavyopaswa kuvumilia moto mkali, hutiwa kobalti. Na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Kongo, upande wa Katanga na Lualaba. Basi kazi hii si ya watu wengine tu.

Mto na wenyeji wake

Zamani mto Duwamish ulipita katika bonde ukizungukazunguka kama nyoka. Wenyeji walivua humo samaki wa namna nyingi, zaidi samoni, na kuokota kombe na kaa katika tope la ukingoni. Mkubwa wao mmoja aliitwa Seattle, na mji ukapewa jina lake. Mwaka wa 1855 wakubwa wa makabila ya upande ule walitia alama zao katika mapatano na Serikali ya Marekani. Waliacha nchi yao karibu yote, lakini walishika neno moja: haki ya kuvua samaki mahali pao pa desturi. Msomaji alikumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Kuanzia mwaka wa 1913 watu wa mji walichimba mto na kuunyosha, ili meli zipate kupita. Viwanda vikaja kandokando yake. Kimoja chao kilikuwa cha bwana William Boeing, aliyeanzisha kampuni yake mwaka wa 1916. Mwaka wa 1936 kampuni ilijenga ukingoni kiwanda kikubwa zaidi, kilichoitwa Kiwanda cha Pili.

Siku za vita

Vita kuu ya pili ikaja. Wanaume wengi walikwenda kupigana, na wanawake kwa maelfu wakaingia kiwandani kushika nyundo na misumari ya chuma. Humo zilitengenezwa ndege 6,981 za kutupa mabomu, za namna iliyoitwa B-17. Serikali iliogopa kwamba adui atakitambua kiwanda toka juu. Basi walijenga juu ya paa kijiji cha uongo: nyumba ndogo za mbao na nguo, njia, miti isiyo na mizizi. Aliyetazama toka angani aliona kijiji kizuri cha raia.

Na chini ya kijiji kile, je, kulikuwa na nini? Tusiwahukumu upesi watu wa siku zile. Walitaka kumaliza vita, na wengi hawakujua nguvu ya dawa walizozitumia. Lakini mto haukuulizwa kama ni siku za vita ao za amani. Ulipokea yote.

Sumu ilitoka wapi?

Bati la ndege linapotoka katika mashini limepakwa mafuta. Halishiki rangi mpaka lisafishwe vizuri. Kwa miaka mingi, katika viwanda vya ndege, walilisafisha kwa mvuke wa dawa kali, kama ile inayoitwa trikloroetileni. Dawa hii huondoa mafuta mara moja. Lakini ikimwagika, hupenya udongo, hushuka mpaka katika maji ya chini, na kukaa huko miaka mingi. Tena chuma cha ndege hupakwa kromi na kadimi kisishikwe na kutu. Kromi ya namna ile ni sumu inayoweza kuleta ugonjwa wa kansa.

Adui mkubwa wa mto Duwamish alikuwa mwingine: dawa inayoitwa PCB. Ilitiwa katika mafuta ya vyombo vya umeme, katika rangi, na katika ulimbo wa kuziba nyufa za sakafu na kuta. Haiungui upesi, haiozi: ndiyo sababu waliipenda. Na kwa sababu ileile ni hatari. Mvua iliiosha toka majengoni, mifereji ikaipeleka mtoni, ikalala katika tope. Mdudu anakula tope, samaki mdogo anamla mdudu, samaki mkubwa anamla mdogo, na kila mara sumu inazidi. Wa mwisho ni mtu mwenye sahani.

Ni haki kusema pia kwamba kampuni hii haikuwa peke yake. Viwanda vingine, bandari, na maji machafu ya mji wenyewe yalichafua mto uleule.

Sheria zinaanza

Mwaka wa 1970 Marekani iliunda idara ya Serikali ya kulinda hewa, maji na udongo. Mwaka wa 1976 zikatoka sheria mbili kubwa juu ya takataka za sumu na juu ya dawa za viwandani, na toka 1979 kutengeneza PCB kulikatazwa kabisa.

Kiisha jambo lilivuka mipaka ya nchi. Wataalamu walionyesha kwamba gesi za CFC, zilizotumiwa pia kusafisha vyombo vidogo vya ndege, zinaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na ukali wa jua. Mwaka wa 1987 mataifa yalipatana mjini Montreal kuzipunguza; kiisha mapatano yakatiwa nguvu zaidi, na nchi tajiri zilipaswa kumaliza mwaka wa 1996. Mafundi wa ndege walilalamika: tutasafisha kwa nini? Wakajaribu, na mahali pengi jibu likawa maji ya moto na sabuni.

Mwaka wa 1995 ikatoka Marekani sheria ya viwanda vya ndege hasa. Iliagiza rangi zenye mvuke kidogo, na bomba za kupulizia zisizotawanya rangi ovyo. Iliagiza hata vitambaa vya kupangusia: vikiisha kutumiwa, vitiwe katika chombo chenye kifuniko, mvuke usipande hewani. Mambo madogo, kama ya mama anayefunika chungu; lakini kwa ndege maelfu ni tani nyingi za mvuke.

Kazi haijaisha. Kromi ingali inatafutiwa mbadala, maana rangi dhaifu huleta kutu, na kutu angani ni kifo. Tena moshi mwingi zaidi hautoki kiwandani, bali katika ndege yenyewe miaka yote inayoruka. Kwa hiyo mwaka wa 2017 shirika la mataifa la mambo ya ndege lilikubali kipimo cha kwanza cha hewa ya kaboni kwa ndege mpya.

Kusafisha mto

Na mto Duwamish? Mwaka wa 1994 Serikali iliiagiza kampuni ichunguze na kusafisha Kiwanda cha Pili. Mwaka wa 2001 sehemu ya chini ya mto, karibu kilometa 8, iliandikwa kati ya mahali pachafu kuliko pote katika Marekani. Mwaka wa 2010 walianza kubomoa kiwanda. Toka 2013 mpaka 2015 walichimba tope la sumu, wakajaza mchanga safi, wakapanda majani na miti ukingoni. Safari hii miti ilikuwa na mizizi.

Mwaka wa 2014 Serikali ilitoa shauri la kusafisha sehemu hiyo yote, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola milioni 342. Lakini katika shauri lilelile ilikubali kwamba hata baada ya kazi yote, samaki wanaokaa humo siku zote huenda wasifae kuliwa kila siku. Samoni wanaopita tu kwenda baharini na kurudi wanalika. Kaa na samaki wengine wa mto, watu wanaonywa wasiwale.

Sasa turudi kwa mapatano ya 1855. Wajukuu wa wale waliotia alama bado wana haki ya kuvua. Hakuna aliyeifuta. Lakini haki ya kuvua samaki asiyelika ni haki gani? Ni kama kumpa mtu ufunguo, na nyumba imekwisha kuungua.

Sisi tunaokaa karibu na machimbo na viwanda tusiseme kwamba viwanda ni vibaya. Vinaleta kazi, na ndege imeokoa wagonjwa wengi. Lakini mkubwa wa kiwanda akija kuomba mahali kando ya mto, wazee wamwulize maneno mawili kabla ya jiwe la kwanza: maji yako machafu yatakwenda wapi? Na nani anakula samaki wa huko? Kuuliza hakulipiwi. Watu wa Seattle walichelewa kuuliza, na bado wanalipa.