Mafuta ya Nazi, Mbata na Sabuni

Mtu wa pwani akitaja mafuta ya nazi, aghalabu hasemi ni yapi. Yako ya tui: nazi hukunwa na kukamuliwa, tui likabandikwa motoni hata maji yakauke, mafuta yakajitenga na shata ikabaki chini ya sufuria. Yako ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa, ambayo zamani ilishinduliwa katika chinu kilichozungushwa na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni. Ya tui hunukia vizuri. Ya mbata yana rangi na harufu nzito. Na yale ya dukani yasiyo na harufu kabisa? Hayo ni ya mbata vilevile, ila yamesafishwa kiwandani.

Mwaka 1688 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliamuru sabuni ya Marseille itengenezwe kwa mafuta ya zeituni tu. Karne ya 19 zeituni hazikutosheleza viwanda, na wafanyabiashara wa Marseille wakaja hadi Unguja kununua ufuta na mbata. Tui halilali siku mbili bila kuchacha. Mbata iliyokauka sawasawa huvuka bahari.

Kwa nini mbata iliwatosha? Mfaransa mwingine, Michel Eugène Chevreul, alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha 1823 kwamba mafuta ni asidi zilizofungamana na gliserini, na kwamba sabuni hupatikana magadi makali yanapozitenganisha. Katika mafuta ya nazi, karibu nusu ya asidi hizo ni ya lauriki, yawe ya tui, ya mbata au yaliyosafishwa. Hiyo ndiyo iletayo povu jingi hata katika maji ya bahari, na mabaharia waliijua faida yake. Kilo moja ya mafuta yoyote kati ya hayo humalizwa na gramu 183 hivi za kostiki soda. Sabuni ya kuogea hutiwa pungufu ya hapo, la sivyo hukausha ngozi. (Na soda ndiyo imiminwe katika maji, si maji katika soda.)

Basi huniuma kumwona mama mwenye mtaji mdogo akinunua mafuta ghali ya tui apate sabuni yenye harufu ya nazi. Harufu ile huliwa na soda. Mafuta hayo na yabaki ya nywele na ya jikoni. Kwa sabuni nyeupe atwae yaliyosafishwa. Kwa ya kufulia, ya mbata yanafaa mno, mradi mbata isiwe na ukungu wala mafuta yasiwe yamechacha. Ayaepuke tu yale yasiyoganda hata penye baridi kali, kwani hayo yameondolewa lauriki, na kipande chake huwa laini.

Huko Paje, ambako kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989, kina mama huuchanganya mwani na mafuta ya nazi wakatengeneza sabuni na kuwauzia wageni. Baadhi ya wageni hao hutoka Ufaransa.