Ifahamu 'Tom's Midnight Garden', riwaya ya urafiki unaovuka wakati

Utafanyaje kama rafiki yako anakua, halafu wewe unabaki mtoto?

Swali hilo limo ndani ya Tom's Midnight Garden, riwaya ya Mwingereza Philippa Pearce iliyotoka mwaka 1958 na kushinda Medali ya Carnegie, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Uingereza.

Kisa kinaanzaje?

Ndugu yake Tom anaugua surua, hivyo Tom anapelekwa kukaa kwa Alan na Gwen Kitson, jamaa zao. Hakuna bustani wala mtoto wa kucheza naye. Usiku mmoja saa kubwa ya ukumbini inagonga mara 13. Tom anashuka, anafungua mlango wa nyuma, na badala ya kiuwanja chenye mapipa ya taka anakuta bustani kubwa ya zama za Malkia Victoria.

Humo anakutana na Hatty, yatima anayelelewa kwa masimango. Wote wawili wapweke, basi wanashibana haraka.

Shida iko wapi?

Wakati wao hauendi sawa. Kwa Tom ni usiku mmoja tu umepita, kwa Hatty ni miezi au hata miaka. Hatty anakuwa msichana mkubwa, Tom yuko vilevile.

Mfano mzuri ni viatu vya kutelezea kwenye barafu. Tom anamwomba Hatty avifiche chini ya mbao za sakafu ya chumba chake. Miaka mingi baadaye, yaani kwenye zama zake, Tom anavikuta palepale. Wanateleza pamoja mtoni hadi mji wa Ely, wote wamevaa jozi ileile! Lakini safari hiyohiyo, Hatty anaanza kushindwa kumwona.

Mwisho wake (kama hujasoma, ishia hapa)

Usiku unaofuata bustani haipo. Tom analia akiita jina la Hatty, na kumwamsha mwenye nyumba anayeishi juu, Bi. Bartholomew. Kumbe bibi huyo ndiye Hatty, na usiku baada ya usiku amekuwa akiota utoto wake.

Pearce aliichora bustani hiyo kwa kufuata ya nyumba aliyokulia, Great Shelford karibu na Cambridge. Anachotuambia ni kwamba mzee unayepishana naye kwenye ngazi aliwahi kuwa mtoto, na mtoto huyo bado yumo.