Maneno ya Kiingereza Yaanzayo kwa "S" katika Mombasa Bara

Waandishi wengi wa habari za maneno ya mkopo huyapanga maneno ya Kiingereza kwa kazi zake: ya gari, ya hospitali, ya serikali. Katika makala haya nitayatazama kwa herufi moja tu, yaani S ifuatwayo na konsonanti, na hasa kama yasikikavyo Kisauni, Changamwe na Likoni.

Hudaiwa mara kwa mara kwamba silabi ya Kibantu haivumilii konsonanti mbili za namna hii, na kwa hiyo neno kama stesheni ni dalili ya lugha kuharibiwa na Kiingereza. Hoja hiyo haisimami. Kabla ya utawala wa Mwingereza, Mswahili alikwisha kusema starehe, stahili na stahimili. Katika Kiarabu maneno haya yalianza kwa irabu. Irabu ile ilidondoka, na st- ikabaki peke yake mwanzoni. Stesheni na stoo, basi, zilipita katika mlango uliokwisha kufunguliwa.

Sp- ni jambo jingine, kwani Kiarabu hakina sauti ya p. Kireno kinayo, nacho kilikaa Mombasa muda mrefu. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593. Lakini neno la karata, espadas, lilipopokewa likawa shupaza: wenyeji walitia irabu katikati. Spana na springi hazikutiwa irabu hiyo. Kwa nini? Nadhani jibu liko Changamwe. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilivuka kutoka kisiwani ikaingia bara mahali hapo, na pamoja nayo vikaja vyombo ambavyo mtu alivijua kwa mikono yake na kwa sauti ya msimamizi kwa wakati mmoja. Wafanya kazi waliotoka mbali na pwani, ambao lugha zao hazikupitia mafunzo ya Kiarabu, wao husema sipana. Kwa hiyo irabu i yaweza kumtambulisha msemaji hata kabla hajataja kwao. (Parafujo ya Kireno bado ingalipo kando ya skrubu, ingawa mafundi vijana hawaijali.)

Upande wa Kisauni neno la kutajwa ni skuli. Wamisionari wa C.M.S. walianzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na mafunzo ya kusoma yalikuwa sehemu ya maisha ya pale. Chuo lilikuwa tayari jina la mahali pa kufundishia Kurani. Mafunzo ya namna nyingine yalihitaji jina jingine. Baadaye shule, neno la Kijerumani lililotokea Tanganyika, lilienea pamoja na Kiswahili sanifu. Unguja imeishika skuli hadi leo.

Neno lililosafiri mbali kuliko yote ni stima. Asili yake ni chombo cha majini kiendeshwacho kwa mvuke. Lakini meli, nalo la Kiingereza kwa maana ya chombo kichukuacho barua, lilitwaa maana ya chombo chenyewe, na garimoshi likajipatia jina lake. Stima ikabaki bila kazi. Umeme ulipoanza kutolewa Mombasa mwaka 1908, na kampuni yake kuunganishwa na ile ya Nairobi mwaka 1922 kuwa East African Power and Lighting, palikuwa na kitu kipya kilichotoka katika mitambo, na neno la mitambo lilikuwa tupu likingoja. Hii ni dhana yangu, wala sidai kuwa imethibitishwa. Ila sioni njia nyingine iliyo fupi zaidi.

Mtunga kamusi akiandika kwamba stima ni meli, na kuishia hapo, anaeleza matumizi ya mahali pengine. Likoni mtu akisema "stima imepotea", hakuna anayetazama baharini. Watu hutafuta mishumaa.