Randa na Msamiati wa Useremala katika Unguja

Miongoni mwa maneno ya ufundi yaliyozoeleka katika Kiswahili hata ugeni wake hausikiki tena, mojawapo ni *randa*. Asili yake ni Kiajemi, na Kihindi nacho kinalo. Kwa hiyo lilivuka bahari kwa njia zile zile zilizopitiwa na majahazi ya biashara. Lilipofika pwani halikubaki kuwa jina la chombo tu. Seremala *hupiga randa*, na mabaki membamba yaangukayo chini huitwa *maranda*. Kiambishi *ma-* kimetiwa kama kitiwavyo katika maneno ya Kibantu, na hiyo ni dalili kwamba chombo kilikwisha kuwa cha wenyeji.

Lakini jina hili moja limebeba vyombo vingi. Mlango wa kale wa Mji Mkongwe una vizingiti, miimo, pande mbili zifungukazo, na *mfaa*, yaani ubao wa katikati uliogongomewa upande mmoja ili kuziba mwanya. Kwa kuwa mfaa wafanya kazi hiyo, kingo za pande mbili hazina haja ya kukatwa ili zilaliane. Dirisha la kioo ni jambo jingine. Kioo hukalia mkato uliochongwa ukingoni mwa fremu, wenye umbo la kipandio kimoja cha ngazi. Randa ya kawaida haiwezi kuukamilisha, maana bapa lake ni jembamba kuliko kiwiliwili chake, wala halifiki pembeni. Yatakiwa randa ambayo bapa lake laenea upana wote.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, viwanda vya Uingereza na Marekani vilieneza randa za chuma cha kusubu. Mfano mashuhuri ni Stanley nambari 78, yenye makao mawili ya bapa, kiongozi cha kupimia upana wa mkato, na kizuizi cha kupimia kina chake. Chuma cha namna hiyo hakikuwa kigeni Unguja: nguzo za Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ni za chuma cha kusubu.

Hapa ndipo penye kazi ya wanaisimu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ina neno *randa*; lakini aina zake, na sehemu za kila aina, zataka kukusanywa vinywani mwa mafundi wenyewe, kabla mashine za umeme hazijayafanya maneno hayo yasiwe na msemaji. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka mwaka 2020. Wenye kutengeneza majengo hayo huhitaji mbao na zana. Na fundi anayemrithisha mwanafunzi kazi hana budi kuwa na jina la kila anachomwonyesha.