Walimu wa Mpuliza Filimbi katika Milima ya Butembo na Beni

Mtu atakaye kujua mpuliza filimbi hodari alipata wapi ufundi wake aghalabu huuliza kwanza jina la mpuliza filimbi aliyemtangulia, na swali hilo, ingawa ni la haki, halimfikishi mbali, maana katika nchi nyingi waliomfundisha zaidi ni watu ambao hawakupata kutia filimbi mdomoni: waimbaji, wapiga marimba, wapiga fidla. Jambo hili ni dhahiri katika milima ya Butembo na Beni, kwa Wanande wa Kivu ya Kaskazini, na kwa ndugu zao Wakonjo, ambao mpaka uliokatwa juu ya Ruwenzori kwa mapatano ya wakoloni ya mwaka 1910 uliwaacha upande wa Uganda, hali lugha yao ni moja na ngoma zao ni zile zile.

Filimbi zao mashuhuri ni za namna mbili. Ya kwanza ni nyamulere, yenye matundu ya vidole na pengo dogo lililochongwa ukingoni mwake, ambayo mtu huipuliza akiwa peke yake. Ya pili ni eluma, nayo ndiyo iliyowastaajabisha zaidi wageni waliopata kuisikia, kwa kuwa haiwi filimbi moja, bali ukoo mzima wa filimbi, ndefu kwa fupi, zilizozibwa chini, zisizo na tundu hata moja la kidole, na kila moja imejaliwa sauti moja tu. Mwenye filimbi ndefu ya sauti nzito hawezi kupiga wimbo, wala mwenye fupi ya sauti kali hawezi. Kila mmoja huweka mdomo ukingoni, akasubiri, akasikiliza sauti ya jirani yake ikipita, akapuliza yake mara moja, akanyamaza. Akichelewa kwa kadiri ya kupepesa jicho, wimbo unaingia ufa ambao wenziwe wote wanausikia. Kwa hiyo mchezaji wa eluma hutumia muda wake mwingi katika kusikiliza, na nadhani hakuna ala nyingine katika Afrika yetu ya Mashariki inayomdai mtu adabu ya masikio kuliko hii.

Ni nani basi aliyemfundisha kusubiri kwa namna hiyo? Mwalimu mmoja yu karibu naye kijijini, naye ni mpiga endara, yaani marimba ya Wanande na Wakonjo, ambayo vibao vyake hulazwa juu ya magogo ya mgomba, kisha watu kadhaa wakaketi kuizunguka, huyu akaanzisha, yule akajaza nafasi iliyoachwa wazi, hata msikilizaji akadhani mkono mmoja unafanya kazi yote. Mwalimu wa pili amekaa msituni. Kutoka Beni kwenda kaskazini na magharibi, mtu huingia msitu wa Ituri, na humo Waefe nao wana filimbi za sauti moja moja ziitwazo luma, na Wambuti wana uimbaji ambao sauti hupokezana vipande vya wimbo, bila ya yeyote kuushika wote. Wanande na watu wa msituni wamekuwa majirani tangu zamani, ndizi za shamba zikibadilishwa kwa nyama ya mawindo, na kwa rai yangu si muhali hata kidogo kwamba katika mabadilishano hayo masikio nayo yalipata fungu lake.

Colin Turnbull, Mwingereza aliyekaa na Wambuti kandokando ya mto Epulu katika miaka ya 1950, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1961 kisa ambacho kila mtengenezaji wa ala angefaa kukijua. Aliingojea kwa shauku baragumu takatifu ya molimo, akitazamia kuona kitu cha kale kilichonakshiwa kwa heshima, na alipoonyeshwa akakuta ni bomba la chuma la kupitishia maji. Aliposhangaa, wenyewe walimjibu kwamba bomba lile lina sauti nzuri, tena halioziki kama mti. Vilivyotukuzwa pale vilikuwa sauti na msitu, na mwanzi au chuma ni chombo tu cha kuipitisha sauti hiyo.

Huko Buganda mambo yalikuwa kadhalika. Waliopuliza ndere mbele ya Kabaka walipiga nyimbo zile zile zilizopigwa kwa marimba ya amadinda na kwa kinubi, na mabingwa kama Evaristo Muyinda na Albert Ssempeke walihama kutoka ala hii hadi ile bila ya taabu, mpaka kasri ya Mengo iliposhambuliwa mwezi wa Mei 1966 na muziki wa baraza ile ukatawanyika pamoja na watu wake. Unguja nayo, wapiga nai wa taarabu waliinama mbele ya santuri za Misri, wakajifunza pumzi katika koo la Umm Kulthum.

Nami hutaja pia Ireland, kisiwa cha mbali, kwa sababu habari za huko zinaafikiana na za kwetu kwa namna ya ajabu. Filimbi ya mti iliyopendwa na wakulima wa huko ilikuwa imeachwa na wapigaji wa orkestra za Ulaya, baada ya fundi Mjerumani Theobald Boehm kubuni filimbi yake mpya mwaka 1847, na zile za zamani zikaangukia mikononi mwa wanyonge kwa bei nafuu. John McKenna wa Leitrim, aliyehamia Marekani, aliinasisha filimbi yake katika santuri za New York tangu miaka ya 1920, na wengi walimwiga; lakini aliyewateka wapuliza filimbi kupita kiasi ni Michael Coleman wa Sligo, ambaye ala yake ilikuwa fidla, na santuri zake zilivuka bahari zikarudi vijijini, zikawa madarasa kwa watu ambao hawakupata kumwona. Baadaye Matt Molloy, aliyezaliwa mwaka 1947, akahamishia katika filimbi mapambo ya vidole ya wapiga zumari ya kiriba, na leo vijana humwiga yeye, pengine bila ya kujua kwamba wanawaiga wapiga zumari waliokwisha kufa.

Santuri ziliwafikia Wanande pia, ila kwa njia iliyowatoa nje zaidi kuliko kuwarudia. Mwaka 1952 Hugh Tracey alizunguka Kongo ya Wabelgiji na mitambo yake, akawanasa Wanande, Wabudu na Wambuti, na mwaka 1954 akaanzisha kule Afrika ya Kusini maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Wimbo wa wasichana Wambuti ulionaswa na Turnbull ulitiwa mwaka 1977 katika sahani ya dhahabu iliyorushwa na vyombo vya Voyager, ukatoka nje ya dunia yenyewe. Mmarekani Herbie Hancock, katika santuri yake ya mwaka 1973, alimwacha Bill Summers apulize chupa ya bia kwa kuifuata filimbi ya sauti moja ya Wababenzele wa Afrika ya Kati, iliyonaswa na Simha Arom, na mamilioni ya watu wakaicheza bila ya kujua asili yake.

Wakati huo huo nyumbani walimu walipungua. Kinanda cha kanisa kilikuja na mapadre wa Assomption mwaka 1929, kisha gitaa na redio. Hayo yalikuwa mabadiliko ya kawaida, na muziki huyastahimili. Yasiyostahimilika ni mauaji yaliyoanza Beni mwezi wa Oktoba 2014, yakawafukuza watu wa mashamba na wa msituni hadi Oicha, Beni mjini na Butembo, na juu yake ikaja Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, wakati mkusanyiko wowote ulikuwa hatari. Nyamulere mtu aweza kukimbia nayo mfukoni. Eluma haikimbiliki, kwa sababu filimbi moja bila ya wenziwe haisemi kitu, na wenziwe wametawanyika katika kambi na mitaa mbalimbali.

Kenya, nyimbo za Wakipsigis alizozinasa Tracey mwaka 1950 zimekwisha kurudishwa vijijini, wazee wakazisikiliza na kuwatambua waliokuwa wakiimba. Nataka lifanyike hilo kwa Wanande pia: nakala za mwaka 1952 ziwekwe katika Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo, na zisifungiwe huko, bali zipelekwe Lubero, Oicha na Mutwanga, na hata ng'ambo kwa Wakonjo wa Kasese, maadamu wangali hai wazee wawezao kusema ni filimbi ipi iliyoingia baada ya ipi, na mkono wa nani uliokuwa juu ya endara.