Uchoraji wa sura za watu wa mtaa

Uchoraji wa sura za watu wa mtaa ni njia ya kufundishia ambayo mtoto humchora jirani aliyeketi mbele yake, huku akimwuliza habari za maisha yake na za mahali wanapoishi. Hutumika katika masomo ya sanaa, historia na lugha. Vifaa vyake ni penseli, karatasi, kifutio na kitu kigumu cha kuwekea karatasi.

Njia hii hutofautiana na upigaji picha hasa kwa muda. Picha ya simu huisha mara moja, lakini kuchora uso huweza kuchukua nusu saa au zaidi. Mtoto anayetazama kwa makini huona kovu, pengo la jino au kofia iliyofumwa kwa mkono, na kila kimoja huzaa swali. Mzee naye, ambaye angejibu kwa mkato kama angesomewa orodha ya maswali, huanza kusimulia mwenyewe: nani alichimba kisima, soko lilikuwa wapi zamani, kwa nini mtaa ukapewa jina lake. Mambo ya namna hii ni nadra kuandikwa vitabuni, na mara nyingi huzikwa pamoja na wanaoyajua.

Umri wa mtoto

Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Marekani, alieleza mwaka 1947 kwamba watoto wa miaka 7 hadi 9 hivi huchora kwa kielelezo walicho nacho akilini, si kwa kile wanachokiona. Ndiyo maana macho huwekwa juu karibu na nywele, ilhali kwa kweli yako karibu na katikati ya kichwa. Mwalimu amwonyeshe mtoto jambo hilo kwa kioo. Akichukua penseli na kurekebisha mchoro mwenyewe, kazi si ya mtoto tena.

Mfano wa Alice Neel

Mchoraji Alice Neel (1900–1984) aliishi Spanish Harlem, mtaa wa New York wenye wahamiaji wengi kutoka Puerto Rico, kuanzia 1938 hadi 1962. Aliwachora majirani zake kwa rangi za mafuta, wakati ambapo wachoraji wengi mashuhuri wa jiji hilo waligeukia sanaa dhahania. Mchoro wake wa 1940, T.B. Harlem, unaonyesha kijana mgonjwa wa kifua kikuu, na bendeji kifuani. Mtazamaji hujifunza humo habari za umaskini na maradhi ya mtaa kwa kumtazama mtu mmoja tu.

Ridhaa na utunzaji

Anayechorwa huombwa ridhaa kwanza. Baadhi ya familia za Kiislamu haziridhii kuchorwa kwa sura. Hapo mtoto anaweza kuchora mlango wa nyumba au chombo cha kazi, na masimulizi yakaendelea vilevile. Nyuma ya karatasi huandikwa jina la mhusika akikubali, tarehe, na maneno yake kama alivyoyatamka. Mchoro usio na maandishi hayo, baada ya miaka michache, hakuna anayejua ni wa nani.